Mashine ya RO kwa mfugaji wa Parosphromenus: tathmini kutoka Unguja

Kisiwa cha Unguja kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji tunayoyachota visimani au tunayoyapata mferejini yamepenya kwanza ndani ya chokaa hicho kabla ya kutufikia. Ndiyo maana birika za chai katika nyumba nyingi za mjini hufanya ukoko mweupe ndani, na ndiyo maana pia mtu anayetaka kufuga samaki wa maji meusi, yaani maji ya asidi yenye rangi ya chai, hapa kwetu hulazimika kulimaliza suala la maji kabla hajafikiria samaki wenyewe. Tathmini hii inahusu mashine ya kuchuja maji kwa osmosisi kinyume, yaani kwa kuyasukuma kwenye utando unaozuia chumvi, ile inayofungwa chini ya sinki la jikoni na ambayo wauzaji huiita kwa ufupi mashine ya RO. Nimeipima kwa kazi moja tu, nayo ni kutayarisha maji ya kufugia na kuzalishia samaki wa jenasi ya Parosphromenus. Anayeitaka kwa ajili ya maji ya kunywa ataona kwamba baadhi ya hukumu zangu hazimfai, na moja angalau inakwenda kinyume kabisa na mahitaji yake.

Samaki hawa ni gurami wadogo mno, wengi wao wakiwa na urefu wa sentimita 3 au 4 tu wanapokomaa, na ni ndugu wa samaki mpiganaji ambaye wafugaji wengi wanamjua. Asili yao ni misitu ya kinamasi cha mboji katika Rasi ya Malay, Sumatra, Borneo na visiwa vya karibu kama vile Bangka na Bintan. Wa kwanza kuelezwa kisayansi alikuwa Parosphromenus deissneri, aliyeandikwa na Bleeker mwaka 1859 kutoka Bangka, na leo zinatambuliwa spishi zipatazo 20, nyingi zikiwa zimeelezwa baada ya mwaka 1980. Ninaowafuga mimi ni P. bintan, spishi iliyoelezwa na Kottelat na Ng mwaka 1998, na walinifikia kupitia mfugaji mwenzangu aliyewaingiza nchini kwa kibali. Dume akiwa shwari huonekana samaki wa kahawia mwenye mistari ya rangi ya maziwa, asiyemshughulisha mtu yeyote. Lakini anapomwona jike yuko tayari, mapezi yake hutanda na utepe wa rangi ya feruzi ukang'aa ndani ya maji yale ya giza kiasi kwamba aliyeketi mbele ya kioo hatamani kuondoka. Misitu waliyotoka inakaushwa kwa mifereji ili ipandwe michikichi, na huko Bangka uchimbaji wa bati umebadilisha sehemu kubwa ya ardhi. Baadhi ya spishi za jenasi hii zimo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo anayewachukua awachukue kwa nia ya kuwazalisha, wala si kwa nia ya kuwatazama mpaka wafe.

Na kuwazalisha ndiko kunakoileta mashine katika habari hii. Maji ya kinamasi cha mboji yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, hayana chumvi za madini isipokuwa chembe kidogo sana, na pH yake, kipimo ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi, mara nyingi iko chini ya 5, pengine ikakaribia 4 au chini ya hapo. Samaki aliyekomaa anaweza kuishi kwa muda katika maji magumu kiasi, na hilo ndilo linalowadanganya wengi, kwa sababu mayai yake hayaishi humo. Katika maji yenye asidi na yasiyo na madini, bakteria na ukungu hukosa nguvu, na yai jeupe lililobandikwa juu ya paa la pango hubaki safi mpaka lianguliwe. Katika maji yetu ya mfereji yai hilo hilo huvamiwa na ukungu kabla ya siku ya pili kwisha. Wala mtu hawezi kuyageuza maji ya mfereji kwa kutia asidi au kurundika majani ndani yake. Bikaboneti iliyomo humeza asidi yote inayotiwa, pH ikashuka kidogo na kurudi palepale, na kila anachoongeza mfugaji kinazidisha chumvi badala ya kuipunguza. Madini hayana budi kuondolewa kwanza, na njia za kuyaondoa zilizo ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida ni mbili: kukinga mvua, au kuyasukuma maji kwenye utando.

Mashine niliyonayo ni ya aina ya kawaida kabisa, yenye uwezo wa galoni 75 kwa siku, yaani kama lita 280. Niliinunua Kariakoo, ikavushwa kwa boti, na pamoja na pampu yake ilinigharimu chini kidogo ya shilingi laki nne. Maji huingia kwenye kichujio cha kuzuia mchanga na tope, yakapita kwenye vichujio viwili vya makaa vinavyoondoa klorini, kisha yakafika kwenye utando wenyewe. Vichujio vya makaa si pambo, kwa maana klorini huula utando huo polepole na kuuharibu, na mtu akichelewa kuvibadilisha kwa kuokoa shilingi elfu chache atajikuta ananunua utando ambao ndio kitu cha ghali kuliko vyote ndani ya mashine. Kuhusu pampu sina mjadala: inunuliwe pamoja na mashine. Utando unahitaji shinikizo la bar 3 hivi au zaidi ili ufanye kazi yake ipasavyo, ilhali tangi lililowekwa juu ya paa, hata likiwa mita 5 juu ya sinki, halitoi zaidi ya nusu bar. Mashine isiyo na pampu katika nyumba inayotegemea tangi la juu hutoa matone, na matone hayo huwa na chumvi nyingi kuliko ilivyokusudiwa.

Kasoro kubwa ya mashine hizi kwa kazi yetu ni jambo ambalo muuzaji hulitangaza kama sifa. Nyingi zimefungwa mwishoni kichujio cha ziada kinachorudisha madini ili maji ya kunywa yawe na ladha, na zipo zinazojinadi kwa kupandisha pH. Kichujio hicho kimejazwa punje za kalsiamu na magnesi, yaani vitu vilevile tulivyolipia fedha ili viondoke. Maji yakipita humo hayafai tena kwa Parosphromenus, hata kama kipimo cha chumvi bado kinaonyesha namba ya kuridhisha, kwa sababu kiasi kidogo tu cha kaboneti kinatosha kuyazuia majani yasiishushe pH. Fundi wa mabomba aelezwe mapema kwamba maji ya samaki yatachukuliwa moja kwa moja baada ya utando, kabla ya hatua hiyo ya madini na hata kabla ya lile tangi dogo la shinikizo. Kiungo cha njia tatu kinatosha, na familia itaendelea kunywa maji yake yenye madini kwa mfereji mwingine.

Ikishafungwa hivyo, mashine hufanya kazi yake kwa uaminifu. Maji ya nyumbani kwetu husoma karibu 400 kwenye kipimo cha TDS, yaani jumla ya chumvi zilizoyeyuka kwa miligramu kwa lita, na yanayotoka kwenye utando husoma kati ya 12 na 18, kiwango kinacholingana na kile ambacho utando mzuri unatakiwa kufanya, yaani kuzuia asilimia 95 hadi 98 ya chumvi zilizoyeyuka. Ziko hali mbili zinazoipandisha namba hiyo, na inafaa kuzijua ili mtu asidhani kwamba utando umekufa. Ya kwanza ni joto: katika miezi ya Kaskazi, maji ya tangi la juu yakiwa ya vuguvugu, mashine hutoa maji kwa haraka zaidi lakini chumvi inayopenya nayo huongezeka kidogo. Ya pili ni muhimu zaidi. Mashine ikilala siku kadhaa bila kutumika, chumvi za upande mmoja wa utando huhamia taratibu upande wa pili, na maji ya dakika za mwanzo husoma mara kadhaa ya kawaida. Maji hayo yamwagwe au yapewe kazi nyingine, na kipimo kitiwe tena baada ya dakika kumi. Kwa sababu hiyo kipimo cha TDS, kinachopatikana kwa bei ndogo sana, nakihesabu kuwa sehemu ya mashine, na kumshauri mtu anunue mashine bila kipimo ni kumshauri atembee gizani.

Maji ya chokaa huuchosha utando. Kalsiamu hujikusanya juu yake, na usiposafishwa kwa kufungua vali ya kusuuzia mara kwa mara, maisha yake ya miaka miwili au mitatu hupungua sana. Aidha, kwa kila lita moja ya maji safi, lita tatu hivi, na wakati mwingine nne, hutoka kwenye mrija wa maji taka. Katika kisiwa ambacho maji yake matamu yote yanatokana na mvua iliyozama ardhini, siwezi kulipita jambo hili kimya. Maji hayo si machafu, yamezidi ugumu tu, na nyumbani kwetu huingia katika pipa la kufulia, kupigia deki na kumwagilia migomba. Asiye na mahali pa kuyatumia afikirie mara mbili kabla ya kununua.

Hata hivyo mashine haitoi maji meusi. Inatoa maji matupu, yasiyo na madini wala asidi wala rangi, na samaki akiwekwa ndani yake hivyo hivyo hatastarehe. Kinachoyafanya yawe maji ya kinamasi ni tanini na asidi za humiki, dutu zinazotoka kwenye majani yaliyolowa, na hapa Zanzibar tumebarikiwa, kwa kuwa jani ambalo wafugaji wa nchi za baridi huliagiza kwa fedha za kigeni ni jani la mti wa mkungu, na mikungu imejaa kwenye barabara, skuli na fukwe zetu. Yaokotwe majani yaliyoanguka yenyewe yakiwa mekundu au ya kahawia, mbali na moshi wa magari, yasuuzwe vizuri kwa sababu yale ya pwani hubeba chumvi ya bahari, kisha yaanikwe mpaka yakakamae. Majani mawili au matatu makubwa katika tangi la lita 30 lenye maji yaliyochujwa hushusha pH hadi kwenye 5 au chini yake kidogo katika muda wa wiki chache, na yakiwa yanaoza hulisha viumbe wadogo mno ambao ndio chakula cha kwanza cha vifaranga. Kisitiwe kitu chochote cha mkarafuu, si majani wala makonyo, ingawa vimetuzunguka kila upande na harufu yake inapendeza. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, dawa inayotumika kuwalevya samaki hadi kuzimia, na samaki wa ukubwa huu hawana uwezo wa kuistahimili.

Ukweli wa mashine nimeuona katika mayai. Tangi la uzazi ni dogo, halina mchanga wala mkondo wa maji, lina majani chini, magugu yaeleayo juu, na kifuu kimoja cha nazi kilichochemshwa mara nyingi mpaka kikaacha kutoa mafuta. Dume hukichagua kifuu, akakaa chini ya paa lake, akaweka povu dogo ambalo wakati mwingine halizidi viputo vichache. Jike aliye tayari hupauka mwili na macho yake huonekana meusi zaidi, naye husogea mlangoni na kurudi nyuma, akasogea tena, shughuli inayoweza kuchukua siku nzima na zaidi. Wakishakubaliana, dume humkumbatia kwa mwili wake chini ya paa, na mayai yanayotoka, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, huanguka na kuokotwa kwa mdomo mmoja mmoja na kubandikwa juu. Baada ya hapo dume hubaki peke yake akilinda. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili au tatu, wachanga wakaning'inia kwenye povu kwa siku kadhaa wakitumia kiini chao, na karibu na mwisho wa juma huanza kuogelea, wakiwa wadogo kuliko punje ya mchele iliyovunjika na wepesi kiasi kwamba huonekana tu mwanga ukipiga kwa ubavu. Katika maji yaliyochanganywa na ya mfereji, hata kwa sehemu ndogo, nimekuta mayai yaliyovaa ukungu. Katika maji ya mashine yaliyokaa na mkungu mpaka yakakolea, hupata vifaranga. Tofauti hiyo ndiyo ninayoilipia.

Hivyo swali linalobaki ni la mvua, na hapa lazima nimtendee haki msomaji, kwani si kila mfugaji anahitaji mashine hii. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri husoma chini hata kuliko ya kwangu. Tangi moja la lita 40, likibadilishwa maji lita 5 kwa wiki na kujazwa lita nyingine 5 zinazopotea kwa mvuke, linahitaji lita 10 kwa wiki, na pipa la lita 200 lililojaa mvua za Masika litalihudumia kwa wiki 20, yaani mpaka Vuli ikaribie. Kwa mwenye jozi moja ya samaki, jibu langu ni kwamba fedha yake anunue pipa lenye kifuniko. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ikoshe paa, kwa sababu hubeba vumbi na chumvi iliyopeperushwa kutoka baharini. Mabati mapya hutoa zinki, ambayo ni sumu kwa samaki hasa katika maji ya asidi. Na mdomo wa pipa ufungwe wavu madhubuti, maana Zanzibar imepigana na malaria kwa miaka mingi na hakuna hoja ya ufugaji inayohalalisha kuzalisha mbu uani. Wenzetu wa Pemba, ambako mvua ni nyingi zaidi kuliko Unguja, wana sababu kubwa zaidi ya kuanza na pipa.

Hesabu hubadilika pale mtu anapoamua kuzalisha kwa dhati. Majike wa spishi nyingi za jenasi hii wanafanana sana, na spishi zikichanganywa tangi moja huweza kuzaana na kupoteza ukoo safi, kwa hiyo kila spishi, na hata kila kundi linalotoka mahali tofauti, hutakiwa kuwa na matangi yake. Vifaranga nao hutaka tangi la kukulia na mabadiliko madogo ya maji ya mara kwa mara. Matangi sita tu yanadai lita 60 kwa wiki, na pipa lililotosha wiki 20 linakwisha kabla ya mwezi. Kaskazi huongeza dai hilo: samaki hawa hupenda maji ya nyuzi 23 hadi 26, chumba chetu hupita 30, na njia nafuu ya kuyapoza maji ni feni ndogo inayopuliza juu ya tangi, inayoshusha nyuzi mbili hadi nne kwa kuyafanya maji yapae. Yanayopaa ni maji matupu na madini hubaki chini, kwa hiyo pengo lijazwe maji ya mvua au ya mashine peke yake.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya hatari inayojificha ndani yake. Katika maji ya pH ya chini, bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki hufanya kazi kwa taabu, na taka hubaki katika umbo la amoniamu, ambalo halina madhara makubwa. Siku umeme umekatika au pampu imekufa, mfugaji akashawishika kumimina ndoo ya maji ya mfereji, pH hupanda kwa ghafla, amoniamu ile hugeuka kuwa amonia, na samaki waliokuwa wazima asubuhi hufa kabla ya magharibi. Kwa hiyo anayenunua mashine bado anahitaji pipa, na mimi huweka akiba ya wiki mbili wakati wote. Maji ya chupa yanaweza kuokoa hali ikiwa lebo yake inaonyesha TDS ndogo sana, lakini mengi yamerudishiwa madini. Na maji ya betri yasiguswe kabisa, kwa kuwa baadhi yake ni asidi.

Chakula ni habari nyingine ambayo mashine haiigusi: samaki hawa hukataa chakula kikavu, hivyo mtu awe na mayai ya Artemia, kamba wadogo mno wa maji ya chumvi, ya kuangulia, viroboto wa maji na minyoo ya Grindal kabla hajapokea samaki. Vifaranga wanaozidi wapewe wafugaji wengine, wala wasimwagwe katika mabwawa yetu. Unguja ina samaki wake adimu, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa na Pfeffer mwaka 1893 kutoka kisiwa hiki, anayeishi katika madimbwi ya mvua yanayokauka, na hana haja ya wageni.

Kwa mwenye matangi manne au zaidi na mahali pa kuyatumia maji ya ziada, mashine hii naipendekeza bila kusita, kwa sharti kwamba aagize aina ya hatua nne isiyo na kichujio cha madini, yenye pampu na vali ya kusuuzia, na yenye vikombe vya vichujio vya inchi 10 vya kawaida. Aina zenye vichujio vya umbo la kipekee nazikataa hata kama ni nzuri kwa macho, kwani kipuri chake hakipatikani Darajani wala Kariakoo, ilhali vya inchi 10 huvaliana na mashine yoyote. Utando wa akiba ununuliwe siku ileile na ubaki ndani ya pakiti yake iliyozibwa mpaka siku kipimo kitakapovuka 30 hata baada ya kusuuza.